Tangi la lita 100 na samaki mwindaji: umchukue yupi

Swali la msomaji wa Tabata, Dar es Salaam: "Shikamoo mama. Nina tangi la kioo lipo sebuleni, urefu sentimita 80, upana 35, kimo 40. Nimefuga gapi muda mrefu, sasa nataka samaki wawindaji, wale wanaonyemelea chakula. Muuza samaki kanishauri oska watatu wadogo au piranha, jirani yangu anasema nitie kambale maana hafi ovyo. Nichukue yupi? Niwape samaki hai wale? Na hawa gapi niliobaki nao niwafanyeje?"

Marahaba mwanangu. Umefanya la maana kutaja vipimo vya tangi, wengi wanaoniandikia wanaanza na samaki halafu tangi linakuja mwisho kabisa. 80 mara 35 mara 40 ni lita 112 ukijaza mpaka ukingoni, sasa toa mchanga, toa mawe, toa ile nafasi ya juu, unabaki na maji halisi kama lita 90 hivi. Hizo 90 ndo nitazishikilia jibu lote, na nakwambia mapema kabisa zinatosha kufuga mwindaji wa kweli, wa kuvizia na kunyemelea ukiwa umekaa kwenye kochi unamuangalia, ila sio hao watatu uliotajiwa.

Tuanze nao hao tuwamalize. Oska, kitaalamu Astronotus ocellatus, kwao ni Amerika Kusini huko mto Amazon, dukani anauzwa akiwa na sentimita tano, anapendeza, ana macho ya kukufuata ukipita. Akilishwa vizuri ndani ya mwaka mmoja anafika sentimita 25 na bado anaendelea mpaka 30 na zaidi. Tangi lako lina upana wa 35, kwahiyo huyo samaki kugeuka tu itakuwa shida, na umeambiwa uchukue watatu. Piranha mwekundu naye anafika sentimita 25 mpaka 30 na ni samaki wa kundi, ukimweka peke yake anajificha kutwa nzima kwa woga, ukiweka wengi tangi dogo wanakatana mapezi. Kambale ndo usiseme, huyo wa kwetu Clarias gariepinus anapita mita moja akiwa mkubwa, na sababu hafi ovyo ni kwamba anavuta hewa ya juu, sasa samaki anayevuta hewa anaweza kusukuma kifuniko usiku akatoka akatembea mpaka jikoni. Ni samaki wa bwawa huyo.

Muuzaji sio kwamba ana nia mbaya, yeye anamuona samaki kwa ukubwa alionao leo ndani ya mfuko wa nailoni. Wewe mfugaji unatakiwa umuone kwa ukubwa atakaokuwa nao akikomaa, halafu uangalie mdomo wake. Ukubwa wa mwili unakwambia tangi gani, mdomo unakwambia anaweza kuishi na nani, maana samaki mwindaji hana chuki wala urafiki na mtu, kinachoingia mdomoni ni chakula na kisichoingia ni jirani. Ukishika haya mawili hutaharibu pesa.

Sasa nakuja kwa samaki ninayemtaka mimi kwenye tangi lako, na huyu ni wa nyumbani. Ziwa Tanganyika unalijua, kina chake kinafika mita 1,470, ni la pili duniani kwa kina, na lina aina kama 250 za sikilidi (ile familia kubwa ya samaki ambamo sato na oska wamo), karibu zote hazipo mahali pengine popote duniani. Watu wakisikia wawindaji wa Tanganyika wanawaza kuhe na migebuka, hao ni wakubwa wa sahani na sio wa tangi. Ila kule chini kwenye mawe kuna wawindaji wadogo ambao wafugaji wa Ujerumani, Marekani na Japani wanawatafuta kwa hamu, na sisi wenye ziwa wengi hatujawahi hata kuwaona. Namzungumzia Altolamprologus calvus na ndugu yake Altolamprologus compressiceps.

Dume la calvus linafika sentimita 13 au 14, jike 10 hivi. Mwili wake umebanwa ubavuni, yaani ukimuangalia kwa mbele ni mwembamba kama karatasi, ukimuangalia kwa upande ni mrefu, uso umechongoka, mdomo mkubwa umeangalia juu kidogo, na pembeni ana vidoa vya lulu vinavyong'aa mwanga ukimpiga. Huo wembamba ndo silaha yake. Kule ziwani anaishi kwenye nyufa za mawe na chakula chake ni uduvi na vifaranga vya samaki wengine waliojificha humo ndani, wengine hawawezi kuwafuata, yeye anaingia. Utamuona anasimama mbele ya ufa hatikisiki, mapezi ya kifuani tu ndo yanapepea, anainama kidogo kushoto anachungulia, anainama kulia anachungulia, halafu analala ubavu mzima ajipitishe, na akifika karibu mdomo unachomoka mbele kama mrija na kile kitu kimeshapotea, hukuona kimeenda wapi. Sio samaki wa kukimbizana. Mtu aliyezoea gapi wanavyorukaruka siku za kwanza atadhani mgonjwa, mpe wiki mbili azoee na wewe umzoee, baada ya hapo hutawasha televisheni.

Na akichokozwa hakimbii, anajikunja anampa adui ubavu, yale magamba yake ni manene na makali, anayasimamisha, aliyekuja kumuuma anajikuta anauma miiba.

Ubaya wake ni mmoja, anakua taratibu mno. Anaweza kuchukua miaka miwili na zaidi kufika ukomavu. Mtu asiye na subira atasema samaki amedumaa, hapana, ndivyo alivyo. Kwa tangi lako nunua wadogo wanne, wakue pamoja wachaguane wenyewe, jike na dume wakishashikana hao wengine wawili uwatoe umpe mtu au uwabadilishe dukani. Usinunue wanne ukawaacha wote mpaka ukubwani, lita 90 haziwatoshi, yule mnyonge atabanwa kona mpaka afe. Compressiceps ni vilevile kila kitu, mwili wake tu umepanda juu zaidi, ukimpata yeye kabla ya calvus mchukue ila usiwachanganye, wanaweza kuzaliana wakatoa machotara na kizazi safi kikapotea.

Sasa raha yenyewe ya tangi hili ni jirani utakayemwekea. Chukua Neolamprologus multifasciatus, kama sita mpaka nane. Huyu ni miongoni mwa sikilidi wadogo kuliko wote duniani, dume halifiki hata sentimita tano, jike ni tatu na kidogo, na anaishi ndani ya magamba matupu ya konokono. Kule ziwani konokono mwenyewe anaitwa Neothauma, akifa gamba lake linabaki chini kwa miaka mingi maana maji yale yana chokaa nyingi hayaliozeshi, na sehemu zingine chini pamejaa magamba tupu mita kwa mita. Hawa multifasciatus wanajaza mdomo mchanga wanaenda kuutema pembeni, wanarudi tena, siku nzima, mpaka kila gamba linakaa kwenye shimo lake. Kila familia ina eneo lake na mpaka wake, sentimita chache tu, na dume la upande huu likivuka kwenda upande ule kunakuwa na ugomvi wa midomo mpaka basi. Mkubwa haingii mdomoni mwa calvus kirahisi, na akiona hatari anatumbukia ndani ya gamba lake kabla hujapepesa. Ila vifaranga vyao vinavyozubaa nje, hivyo calvus atavichukua.

Hapo ndo unapata kile unachokitaka mwanangu, uwindaji wenyewe unaojiendesha ndani ya tangi. Multi wanazaa karibu muda wote wakishatulia, calvus anazunguka juu ya lile kundi anapunguza wachache, mama zao wanamfukuza mpaka kwenye mawe, saa moja baadaye anarudi. Kundi halijazi tangi na mwindaji ana kazi ya kufanya.

Kupanga tangi fanya hivi. Mawe yatangulie, yakae moja kwa moja juu ya kioo cha chini (weka kipande chembamba cha plastiki au spongi chini yake kisipasuke), ndipo umwage mchanga, maana ukiweka mawe juu ya mchanga hawa wachimbaji watafukua chini yake na siku moja rundo litaporomoka lipige kioo. Mawe yarundike upande mmoja, yawe na nyufa za kupita kidole, upande mwingine acha mchanga mtupu wa kina cha sentimita nne au tano na utawanye magamba, kila samaki mmoja mpe matatu hivi ili wachague. Neothauma hutampata Dar, tumia magamba ya konokono wa nchi kavu, wale wa shambani, chagua yenye urefu wa sentimita nne mpaka tano na mdomo mpana, yachemshe vizuri, yasugue ndani, harufu ikishaisha kabisa ndo yaingie. Ongeza moja au mawili makubwa zaidi yenye mdomo wa kuingia jike la calvus ila dume lisipite, hapo ndo atatagia, dume linabaki mlangoni.

Maji. Ziwa Tanganyika pH yake (kile kipimo cha uchachu wa maji, 7 ni katikati, ikipanda uchachu umepungua) ni kama 8.6 mpaka 9 na maji ni magumu, yaani yana madini mengi. Wewe huna haja ya kufika huko, ukiwa kwenye 8 mpaka 8.5 na hayapandi na kushuka ovyo wanaishi vizuri, kuyumba ndo kunawaua kuliko namba yenyewe. Nunua kipimo cha matone upime maji unayotumia kwanza, ya bomba na ya kisima sio sawa, visima vingi vya pwani vimepita kwenye mwamba wa matumbawe kwahiyo ni magumu tayari ila vingine vina chumvi, onja, ukisikia chumvi acha. Kama maji yako ni laini tumia mawe ya chokaa ya machimboni, kama yale ya Wazo, yanayeyuka kidogokidogo na kuinua pH yenyewe. Usiende kubomoa matumbawe baharini kwa ajili ya tangi, yale ni hai na ndo nyumba ya samaki wenzao.

Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo iliyo wazi saa 24 na kijipampu cha hewa kinachemka ndani, au tumia dawa ya kuondoa klorini, kimoja kati ya hivyo usiruke.

Sasa kuna jambo la amonia, na hapa nakuomba usome pole pole. Samaki wala nyama wanakula protini nyingi na uchafu wao unatoa amonia nyingi kuliko gapi. Amonia ina sura mbili kwenye maji, moja haina madhara makubwa na nyingine ni sumu kali, na pH ikipanda na joto likipanda ile ya sumu inaongezeka. Sasa wewe una samaki wa pH ya juu, upo Dar yenye joto, maana yake kiasi kilekile cha amonia ambacho kwenye tangi la gapi kingepita bila kuonekana, hapa kinaunguza matamvua. Kwahiyo tangi lazima likomae kabla ya samaki kuingia. Washa filta, acha bakteria waote kwenye spongi, wale wanaogeuza amonia kuwa naitraiti na naitraiti kuwa naitreti, inachukua wiki nne mpaka sita, na unajua limekomaa pale ambapo amonia na naitraiti vyote vinasoma sifuri huku naitreti ikionekana. Bahati yako unalo tangi lenye gapi tayari, spongi yake ina bakteria hao, nitarudi hapo. Baada ya hapo kila wiki toa maji asilimia 25 mpaka 30 urudishe mapya, na spongi ioshe kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, ukiipeleka bombani klorini inaua wale bakteria wote na unaanza upya.

Joto lenyewe. Vitabu vya ulaya vyote vinakwambia nunua hita, wewe wa Tabata hita ya nini, shida yako ni kinyume chake. Samaki hawa wanataka digrii 24 mpaka 27, na Dar mwezi wa pili na wa tatu maji ya tangi la sebuleni yanaweza kupita 30. Maji ya moto yanashika oksijeni kidogo na samaki huku anahitaji nyingi zaidi, ndo unakuta wote wapo juu wanapumua haraka. Tangi likae mbali na dirisha la jua la jioni, taa iwake saa chache, kifuniko kiwe cha wavu sio kioo, na feni ndogo ya mezani ielekezwe juu ya maji, ule upepo unavukiza maji na kushusha digrii mbili tatu, utaongezea tu maji yaliyopungua. Watu wa Arusha, Mbeya au Nairobi ndo mnunue hita. Na umeme ukikatika, filta imesimama, usilishe kabisa mpaka urudi, chakula kitakachobaki kitaoza na hakuna wa kukisafisha. Pampu ya hewa ya betri inauzwa, iwe nayo ndani kama vile unavyokuwa na tochi.

Uliuliza kama uwape samaki hai. Hapana, na nitakwambia kwa nini. Samaki wa kulishia wanaouzwa dukani wamebanana mamia kwenye beseni moja, wanakuja na madoa meupe, minyoo, kila kitu, unakiingiza kwenye tangi lako kwa mkono wako mwenyewe. Goldifishi ana tatizo lingine juu ya hilo, mwilini ana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, mwindaji aliyelishwa goldifishi tu muda mrefu anakosa vitamini hiyo mishipa yake ya fahamu inaharibika. Na calvus kwa asili yake chakula kikuu ni uduvi, hana njaa ya samaki mzima. Nenda Feri asubuhi, nunua kamba wadogo wabichi au uduvi wabichi, sio wale wakavu wa chumvi, waoshe kwa maji ya kawaida, menya, katakata vidogo sana, weka kwenye mfuko wa nailoni ubandike uwe bapa, tia kwenye friza. Kila siku unavunja kipande kama ukucha, unayeyusha kwenye kikombe, unamwaga yale maji ya kamba, unawapa. Mara moja kwa wiki wasile kitu. Moyo wa ng'ombe ambao watu wanashauriana sana kwenye magrupu usimpe, mafuta ya mnyama samaki hawezi kuyameng'enya vizuri na hawa wa Tanganyika matumbo yao yanavimba.

Kama unataka umuone akiwinda kweli mpe viluwiluwi vya mbu. Weka ndoo ya maji nje yenye majani mawili matatu, mbu watatagia, baada ya siku chache unavua kwa kichujio cha chai. Lakini sikiliza, kwenye joto letu yai la mbu linaweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku saba mpaka kumi, na Dar tuna malaria na tuna denge, kwahiyo kila baada ya siku mbili unavua VYOTE, unamwaga maji unaanza upya. Kama unajijua ni mtu wa kusahau usianzishe hiyo ndoo, nunua mayai ya Artemia, vile viduduvi vya maji ya chumvi, uyaangue kwenye chupa ya maji ya chumvi, ni kazi kidogo ila haiumizi jirani. Na usivue viluwiluwi vya mtaroni, mitaro yetu unajua kinachopita humo.

Labda utafute calvus ukose, inatokea, basi wa pili ninayempenda kwa tangi la ukubwa huu ni bunju mdogo wa maji baridi, Carinotetraodon travancoricus, kwao India ya kusini jimbo la Kerala. Sentimita mbili na nusu mpaka tatu na kitu, kijani manjano na madoa meusi, macho yake kila moja linazunguka kivyake kama ya kinyonga. Lita 90 unaweka sita au nane, majike yawe mengi kuliko madume, na mimea minene ili asiyetaka kuonekana ajifiche. Usiweke samaki mwingine yeyote, pezi refu lolote watalinyofoa. Yeye hataki maji magumu ya Tanganyika, pH 7 mpaka 7.5 inamtosha, na mawe ya chokaa usiweke. Angalia sana dukani, kuna bunju mwingine wa kijani mwenye madoa meusi makubwa anauzwa kama wa maji baridi, yule anakua mpaka sentimita 15 na anahitaji maji ya chumvichumvi akikua, atakufa polepole usijue sababu. Muulize muuzaji huyu ukubwa wake wa mwisho ni ngapi, akikosa jibu rudi nyumbani.

Chakula cha huyu bunju ni konokono, na hapa nina neno kubwa. Usiende kuokota konokono bwawani, mtoni wala kwenye majaruba. Wale konokono wadogo wa maji baridi wa huku kwetu, Bulinus na Biomphalaria, ndo wanaobeba kichocho, na Biomphalaria ukimuweka mkononi anafanana kabisa na yule konokono bapa anayeuzwa kwa ajili ya akwariamu. Vimelea vinatoka kwenye konokono vinaingia majini na vinapita kwenye ngozi yako nzima isiyo na kidonda. Chukua konokono wachache kwa mfugaji ambaye anawazalisha ndani, waweke kwenye ndoo yao na jani la mchicha, ndani ya miezi michache utakuwa na zaidi ya unachohitaji.

Kuna na wale wa madimbwi yetu, Nothobranchius, nawataja kwa sababu nawapenda na watu wengi wa pwani hawajui wanao. Nothobranchius guentheri ni wa Unguja, eggersi ni wa huko Rufiji, ni samaki wa sentimita tano, dume lina rangi utadhani limepakwa, wanaishi kwenye madimbwi ya mvua tu. Dimbwi likikauka wazazi wote wanakufa na mayai yanabaki kwenye tope kavu yakisubiri mvua ijayo. Ni wala nyama wazuri, viluwiluwi vya mbu ndo chakula chao, ila hawafiki hata mwaka, na wengine wanaishi kwenye eneo dogo sana ambalo barabara moja ikipita wamekwisha. Usiende na wavu wako mwenyewe, uvuvi wa samaki wa mapambo una vibali vyake, ofisi ya uvuvi watakueleza. Hilo ni kwa calvus pia, muulize muuzaji kama amezalishwa tangini au katolewa ziwani, aliyezalishwa tangini ndo bora, ameshazoea maji ya nyumbani na anakula chochote.

Nakuona utaniuliza kuhusu kipepeo wa Kongo, Pantodon buchholzi, maana anaonekana sana kwenye video. Ni mzuri kweli, sentimita 12 hivi, anakaa juu kabisa ya maji anasubiri mdudu aanguke, ila tangi lako ni jembamba kwa sentimita 35 na huyu anaruka, wavu usipobana utamkuta sakafuni. Ukipata siku moja tangi lenye upana wa 45 hapo sawa.

Chochote utakachochukua, akikushinda usimwachie mtoni wala bwawani. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina mamia ya furu, wale samaki wadogo wa ziwa hilo, waliokuwa humo wamepotea au wamebaki wachache mno. Samaki wa kigeni mmoja hawezi kufanya hivyo peke yake, lakini huwezi kujua mwenzako naye kamwachia nani jana yake. Mrudishe dukani, mpe mfugaji mwingine, niandikie nitakutafutia mtu.

Haya, gapi wako. Waache kwanza kwenye tangi kipindi hiki unachopanga mawe na kuinua pH taratibu, gapi wanavumilia maji magumu bila shida na uchafu wao ndo unaowalisha bakteria wa kwenye spongi. Usiwalishe sana, pima amonia kila baada ya siku mbili. Multifasciatus waingie wa kwanza, wiki mbili au tatu kabla ya calvus ili washike maeneo yao, na hao nao wakae kwanza kwenye ndoo ya karantini yenye pampu ya hewa wiki mbili uwaangalie kama wana madoa. Siku ya kuingiza calvus wadogo ndo uwatoe gapi wote, wakubwa kwa wadogo, maana wanakimbilia chakula haraka na calvus mwenye haya zake atakuwa anakuta kimeisha. Usimmwagie mwindaji wako gapi hao kama chakula, mgawie mtoto wa jirani mwenye beseni lake, na ile spongi ya zamani usiitupe, ikae nyuma ya mawe iendelee na kazi.